Karatasi ya sayansi: nani anaruhusu mnyama wa kukatazwa aguswe, toka Nyangwe hadi mdomo wa mto

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia vijiji vya Kabambare mkapokelewa huku Kasongo, leo tuzungumze historia ya karatasi moja. Si karatasi ya kodi, wala ya uchaguzi. Ni kibali cha sayansi, yaani ruhusa ambayo serikali inampa mtu wa utafiti ili amkamate, amtoe damu, na mara nyingine amuue mnyama ambaye sheria imemkataza kila mtu mwingine kumgusa.

Mambo haya yanatuhusu. Baba aliyekimbia vita akikutwa na nyama ya mnyama wa kukatazwa, anaitwa mwizi wa pori. Mgeni akija na gari na sanduku la vichupa, akamchukua mnyama yule yule, anapewa mtu wa kumwonyesha njia. Kinachowatenganisha ni karatasi. Basi ni haki tujue karatasi hiyo ilitoka wapi, na ilikusudiwa kumlinda nani.

Nyangwe kabla ya karatasi

Mzungu wa kwanza kuandika habari za wanyama wetu akiwa hapa ni David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwisho wa mwezi wa tatu mwaka 1871. Katika daftari lake la Manyema aliandika sana juu ya mnyama aliyemwita soko. Waliosoma maandishi yake baadaye waliona kwamba ni sokwe wetu. Alieleza jinsi watu walivyomwinda, na jinsi mfanyabiashara Katomba alivyompa mtoto wa soko, jike, ambaye mama yake alikuwa ameuawa.

Hakukuwa na kibali siku zile. Ruhusa ya pori ilikuwa mkononi mwa mwenye nchi, na wageni wenye bunduki hawakuiheshimu kila mara. Hata mtu hakuwa na ulinzi. Tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe, soko la kuuzia vitu, lilishambuliwa kwa bunduki na watu wa wafanyabiashara, wakafa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Livingstone aliona kwa macho yake. Tunalitaja kwa sababu mara nyingi sheria za kulinda wanyama wa Afrika ziliandikwa na watu ambao hawakuwauliza wenyeji lolote.

London, 1900: mlango mdogo unafunguliwa

Mwanzoni mwa karne iliyopita pembe za ndovu zilikuwa zimeanza kupungua, na wakubwa wa Ulaya wakaogopa. Tarehe 19 Mei 1900, nchi zilizotawala Afrika zilitia sahihi mapatano London. Kati yao kulikuwa na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, na pia Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold. Mapatano yalipanga wanyama kwa makundi: hawa wasiuawe kabisa, hawa wauawe wachache tu. Gorila na sokwe walikuwa katika kundi la kwanza.

Lakini ndani ya mapatano hayo hayo kulikuwa na mlango mdogo. Serikali iliweza kuruhusu mnyama wa kukatazwa achukuliwe kwa ajili ya nyumba za makumbusho, bustani za wanyama, au kazi nyingine ya sayansi. Mapatano yenyewe hayakuanza kutumika, kwa kuwa nchi nyingine hazikuyathibitisha. Wazo ndilo lililobaki: marufuku kwa wote, ila kwa mwenye karatasi ya sayansi.

Gorila wa Mikeno

Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alifika Kivu, kwenye mlima Mikeno, akaua gorila watano kwa ajili ya makumbusho ya New York. Alipowatazama wale wanyama waliokufa, moyo wake uligeuka. Aliona kwamba makumbusho yote ya dunia yakituma watu wao, gorila wa milimani watakwisha. Akamshauri Mfalme Albert wa Ubelgiji atenge pori lile. Tarehe 21 Aprili 1925 ikatoka amri ya kuanzisha Mbuga ya Albert, mbuga ambayo leo tunaiita Virunga. Akeley alirudi huko mwaka 1926, akaugua, akafa, na akazikwa mlimani.

Mbuga ile ilitengwa kwa ajili ya sayansi. Mtafiti aliingia kwa ruhusa. Mwenyeji, ambaye babu yake alikata kuni na kuweka mizinga ya nyuki mle ndani, alizuiliwa. Gorila walipata ulinzi, na hilo ni jambo jema, kwani wapo hadi leo. Ila gharama yake walilipa watu ambao hawakuwahi kuua gorila kwa ajili ya makumbusho.

Mwaka 1933, tena London, mapatano mapya yalitiwa sahihi, na haya yalianza kutumika mwaka 1936. Sasa mlango ule ukawekewa kufuli. Gorila, okapi, kifaru mweupe na wenzao waliwekwa katika orodha ya A. Mnyama wa orodha hiyo hakuweza kuuawa wala kukamatwa bila ruhusa ya pekee ya mkuu wa juu kabisa wa nchi, na kwa sababu kubwa tu, kama kazi muhimu ya sayansi. Mkubwa wa kituo cha mbali hakuwa tena na uwezo wa kumpa mgeni ruhusa mezani kwake.

Mto unatupeleka kwa nguva

Hapa tufuate maji. Livingstone alidhani Lualaba yetu ni mwanzo wa Nili. Stanley aliondoka Nyangwe mwezi wa kumi na moja mwaka 1876, akafika Boma Agosti 1877, na dunia ikajua kwamba maji yanayopita hapa ndiyo mto Kongo. Yakipita Boma yanafika Muanda, penye mikoko na bahari. Huko anaishi mnyama ambaye wengi wetu hatujamwona: nguva, ambaye wenye kuzoea Kifaransa wanamwita lamantini. Ni mnyama mkubwa wa maji, ananyonyesha mtoto wake kama ng'ombe, anakula majani, na hana haraka. Kwa sababu ya upole huo anawindwa kwa urahisi.

Tarehe 15 Septemba 1968, nchi za Afrika zilizokuwa zimepata uhuru zilikutana Algiers na kuandika mapatano yao wenyewe juu ya maumbile. Kongo ilikuwa kati ya waliotia sahihi. Nguva aliwekwa katika kundi la A, pamoja na gorila na okapi. Ruhusa ya kumkamata au kuchukua sehemu ya mwili wake inatolewa na mkuu anayehusika, kwa kila shauri peke yake, na kwa faida ya taifa au kwa sayansi tu. Mwaka 1992 serikali ilitenga Mbuga ya Mikoko huko Muanda, na nguva ni mmoja wa wanyama wanaolindwa pale.

Kuna pia mapatano ya biashara ya wanyama yanayoitwa CITES, ya mwaka 1973. Tangu 2013 nguva huyu yuko katika orodha yake ya juu kabisa. Maana yake ni hii: hata kipande kidogo cha ngozi, hata tone la damu katika kichupa, hakivuki mpaka bila karatasi ya nchi kinakotoka na karatasi ya nchi kinakokwenda.

Karatasi inapotumiwa vibaya

Msifikiri kwamba neno sayansi linasafisha kila kitu. Mapatano ya mwaka 1946 juu ya kuvua nyangumi, mnyama mkubwa kuliko wote wa bahari, yaliruhusu kila serikali kutoa kibali cha kumuua kwa ajili ya utafiti. Uvuvi wa biashara uliposimamishwa miaka ya 1980, Japani iliendelea kuua nyangumi katika bahari ya kusini kwa vibali vya sayansi, na nyama ikauzwa sokoni. Australia ikashitaki kwenye mahakama ya dunia ya The Hague. Tarehe 31 Machi 2014, waamuzi 12 kwa 4 walisema kwamba vibali vile havikuwa kwa makusudi ya utafiti wa sayansi. Mahakama iliuliza maswali ya kawaida kabisa: juu ya nini wanyama wengi hivi? Je, njia isiyoua ilifikiriwa kweli? Matokeo ya utafiti yako wapi?

Marekani nayo ina sheria ya wanyama wa baharini ya mwaka 1972. Pale, mtafiti akiomba kibali, ombi lake linatangazwa, na raia yeyote anapewa siku 30 za kutoa maoni kabla ya jibu. Mvuvi anaweza kusema neno. Jambo hilo la kutangaza ndilo lililokosekana kwetu toka zamani.

Sheria yetu wenyewe

Kwetu, sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataja vibali vya namna mbalimbali. Kuna cha mwindaji wa kijijini, kuna cha watalii, na kuna cha sayansi. Kwa hiyo kibali cha sayansi hakimpi mtu ruhusa ya kuwinda kwa biashara, wala kibali cha mwindaji hakimruhusu kugusa mnyama wa kukatazwa kabisa. Ndani ya mbuga za taifa, mlango ni taasisi ya ICCN.

Tarehe 11 Februari 2014 ikatoka sheria mpya ya kulinda maumbile. Hiyo iliongeza jambo ambalo babu zetu hawakuwahi kuandikiwa: ujuzi wa wenyeji juu ya mimea na wanyama nao una mwenyewe. Anayekuja kuutumia anapaswa kupata kibali kwanza, na faida igawanywe.

Ujuzi huo si maneno ya kupamba. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza duniani aina mpya ya nyani wa msitu wa Lomami. Ilikuwa mpya kwa vitabu vyao tu. Wawindaji walikuwa wanamjua na walimwita lesula, na watafiti walimwona mara ya kwanza mwaka 2007 kule Opala, akiwa amefugwa nyumbani kwa mwalimu wa shule. Jina la lesula lilibaki. Mwaka 2016 ikaanzishwa Mbuga ya Taifa ya Lomami, katika majimbo ya Maniema na Tshopo.

Maswali ya kushika

Historia hii ya zaidi ya miaka mia moja inatuachia maswali matano. Mtu wa utafiti akifika kijijini, au penye familia za wakimbizi karibu na pori, mzee wa kijiji anaweza kumuuliza kwa heshima, bila ugomvi. Nani alitoa kibali? Ni kwa mnyama gani, na wangapi? Juu ya nini lazima auawe au akamatwe, kama kumtazama kunatosha? Vichupa vinakwenda wapi? Na sisi tutapata lini kujua mlichokiona?

Mtafiti mwenye karatasi ya haki hatakasirika. Kazi yake inatusaidia, kwa sababu bila watu wa kuhesabu na kuchunguza, hakuna atakayejua kwamba kiboko wa Lualaba au sokwe wa msitu wanakwisha. Na yule asiyeweza kujibu, mpelekeni kwa chifu na kwa watu wa mazingira wa wilaya kabla hajaingia porini.

Jamaa mliokimbia, tunajua kwamba tumbo halingoji sheria. Wanaolinda pori nao wakumbuke kwamba njaa ya mkimbizi haitibiwi kwa pingu. Kibali kiliwekwa ili mnyama asiishe. Kama kweli ni kwa ajili hiyo, basi kisomwe wazi mbele ya watu wanaoishi na mnyama huyo.