Kemikali ya mti wa Afrika Mashariki ilivyochukua miaka 41 kuwa dawa ya saratani

KATIKA masoko na vituo vya mabasi vya Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, si ajabu kumkuta muuza dawa za asili akinadi mizizi inayodaiwa kutibu saratani na ambayo ‘imethibitishwa maabara’.

Je, maabara huthibitisha nini hasa? Historia ya kemikali iitwayo maitansini inatoa jibu.

Mwaka 1972, S. Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walitangaza kuipata kemikali hiyo katika mmea wa Ethiopia wa jamii ya Maytenus. Baadaye ilibainika kuwa mmea mwingine wa jamii hiyo, Maytenus buchananii, unayo kwa wingi zaidi. Zaidi ya tani 20 zilivunwa Shimba Hills, pwani ya Kenya, kwa kuwa kilo moja ya mmea hutoa miligramu chache tu.

Seli inapogawanyika hujenga nyuzi nyembamba kwa protini iitwayo tubulini. Maitansini huishika protini hiyo na kuzuia nyuzi zisijengeke, hivyo seli ya saratani hushindwa kuzaliana na hufa.

Hata hivyo, ilipojaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1970, iliwadhuru tumbo na mishipa ya fahamu, na waliopata nafuu walikuwa wachache. Haikutofautisha seli za saratani na seli zenye afya. Majaribio yakaachwa.

Baadaye watafiti waliirekebisha na kuiunganisha na kingamwili iitwayo trastuzumabu, ambayo huzitafuta seli za saratani ya matiti zenye protini nyingi ya HER2. Dawa hiyo, Kadcyla, iliidhinishwa Marekani Februari 2013.

Kwa hiyo, kuua seli ndani ya chupa ni hatua ya kwanza tu. Sumu nyingi huweza kufanya hivyo. Anayechemsha mizizi nyumbani hajui kiasi anachokunywa wala kitakachodhurika mwilini.

Wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa umekwishasambaa, ilhali saratani nyingi hutibika vizuri zaidi zikigunduliwa mapema. Mwenye uvimbe au anayetokwa damu isivyo kawaida aanzie hospitali, na kama anatumia dawa za asili, amweleze daktari bila kificho.