Mizani Iliyodanganya Kioo

Watunzi wajua kwamba shairi hupimwa kwa mizani, na asiyehesabu vema huona beti zake zimetimia ilhali zimepungua. Lisiloulizwa mara nyingi ni hili: mizani yenyewe hupimwa na nani? Swali hilo liliwahi kuitikisa elimu ya falaki.

Darubini kubwa haioni kwa bomba lake, bali kwa kioo chake. Kioo hicho husuguliwa, hupimwa, kisha husuguliwa tena, miezi nenda miezi rudi. Mwaka 1858 Léon Foucault wa Paris alibuni kipimo chepesi: taa ndogo mbele ya kioo, na makali ya kisu pale miali inaporudi kukutana. Kisu kikiikata miali, uso wa kioo hudhihirisha vilima na mabonde ambayo kidole hakiwezi kuyahisi.

Kioo cha darubini ya Hubble, chenye upana wa mita 2.4, kilisuguliwa Danbury, Marekani, na usuguaji ukamalizika mwaka 1981. Kwa kuwa umbo lake halikuwa la tufe kamili, kilipimwa kwa chombo maalumu chenye vioo viwili na lenzi moja. Lenzi hiyo ilikaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Wakati wa kuipanga, mwanga wa kupimia uligonga kifuniko cha ufito, mahali palipobanduka rangi, badala ya kugonga ncha ya ufito wenyewe. Mafundi wakakifuata chombo kwa uaminifu, na ukingo wa kioo ukawa bapa kupita kiasi kwa takriban milimita 0.002. Ni sehemu ndogo mno ya unene wa unywele.

Vipimo vingine vilionyesha kasoro. Vikapuuzwa, kwa hoja kwamba chombo kile kikuu ndicho sahihi zaidi. Wahenga walinena: mdharau mwiba, guu huota tende. Darubini ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990, na kabla ya Juni kwisha ulimwengu ukatangaziwa kwamba nyota zake zina ukungu.

Wachunguzi walipokifungua chumba cha vipimo, wakakikuta chombo kingali vilevile kilivyoachwa. Hapo ndipo ilipopatikana rehema: kioo kilikosewa, lakini kilikosewa kwa usahihi mkubwa, na kosa linalojulikana kipimo chake laweza kutibika. Desemba 1993 wanaanga saba wa chombo Endeavour waliifuata darubini angani. Wakaipachika kamera mpya na vioo vidogo kumi, vilivyopindwa kinyume cha kosa lile. Januari 1994 picha safi zikaonyeshwa.

Kioo chenyewe hakikubadilishwa. Kingali na kosa lake hadi leo, na kwa kosa hilo hilo, lililokiriwa na kupimwa, kimeonyesha mbali kuliko macho yote yaliyokitangulia. Aibu haikuwa katika kukosea, bali katika kuipuuza sauti ya mizani ya pili.