Urembo wa Jokofu na Bei Yake

Kila anayekarabati jiko hufikia siku ambayo bajeti inamtaka achague. Kabati zimepimwa, vigae vimechaguliwa, fundi bomba anasubiri malipo ya awali. Ndipo macho yanapoangukia jokofu moja dukani, lenye mabega ya mviringo na rangi ya krimu, ambalo bei yake inazidi mara kadhaa ile ya jokofu la kawaida lenye ujazo uleule. Wengi hudhani hapo wanapambana na ladha yao wenyewe. Ukweli ni kwamba ladha hiyo ilitengenezwa, na tunaweza kutaja karibu mwaka ilipoanza kutengenezwa.

Jokofu la umeme la mwanzo kuenea majumbani Marekani, Monitor Top la General Electric, lilitoka mwaka 1927. Halikuwa na aibu ya kuwa mashine. Mtambo wake ulikaa juu wazi kama kofia, na jina likatokana na kufanana kwake na mnara wa mizinga wa Monitor, meli ya kivita ya karne ya 19. Yaliuzwa zaidi ya milioni moja. Mnunuzi alikuwa ananunua baridi, basi. Lakini mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulibana mifuko ya watu wakati ambapo majokofu ya kampuni mbalimbali yalikuwa yanazidi kufanana kwa utendaji. Muuzaji akalazimika kutafuta tofauti nyingine. Mwaka 1935 Sears ikaleta sokoni Coldspot lililosanifiwa na Raymond Loewy, Mfaransa aliyehamia Marekani: mtambo umefichwa, pembe zimelainishwa, mwili unang'aa kama gari jipya. Mfano wa gari haukuwa wa bahati tu, kwani jokofu la Frigidaire lenyewe lilikuwa mali ya General Motors, kampuni iliyokwisha kuwazoesha Wamarekani kulionea haya gari la mwaka jana.

Mwaka 1954 msanifu Brooks Stevens alilitamka jambo hili bila kuficha. Kazi yake, alisema, ni kumtia mnunuzi hamu ya kumiliki kitu kipya kidogo, mapema kidogo kuliko anavyokihitaji. Nampenda kwa ukweli wake, ingawa sitaki anishauri mahali pa kupeleka mshahara wangu.

Siasa nayo haikukaa mbali. Tarehe 24 Julai 1959, katika maonyesho ya Marekani kwenye bustani ya Sokolniki mjini Moscow, Makamu wa Rais Richard Nixon alimsimamisha Nikita Khrushchev mbele ya jiko la mfano lililojaa mitambo, ndani ya nyumba ambayo alidai mfanyakazi wa kiwanda cha chuma angeweza kuinunua kwa dola 14,000. Khrushchev alikejeli: hamna mashine ya kumtia mtu chakula mdomoni? Kisha akasema neno zito zaidi, kwamba nyumba za Marekani hujengwa zidumu miaka 20 tu ili wajenzi wapate kuuza nyingine, ilhali Wasovieti hujengea watoto na wajukuu. Nixon hakukana kiini cha hoja hiyo. Alijibu kwamba hata nyumba ikidumu, baada ya miaka 20 Mmarekani atataka jiko jipya. (Majengo ya ghorofa tano yaliyojengwa haraka enzi za Khrushchev yamekuwa yakibomolewa mjini Moscow, kwa hiyo tusimpe ushindi kirahisi.)

Jokofu la krimu linalotutamanisha leo ni mjukuu wa mtindo huo. Smeg ya Italia ilitoa jokofu lake la FAB28 mwaka 1997 kwa umbo la miaka ya 1950, na wengine wakafuata. Kwa Mzungu wa umri fulani, hiyo ni kumbukumbu ya jiko la mama yake. Kumbukumbu ya nani kwetu? Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 umeme ulikuwa wa sehemu chache za miji. Penye jokofu bila umeme, kwenye misheni au kwa afisa wa wilaya, mara nyingi lilikuwa la mafuta ya taa: utambi unawaka chini, barafu inaganda juu, wala hakuna mngurumo. Kanuni hiyo iliwekwa katika jokofu la nyumbani na vijana wawili wanafunzi wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, anaeleza kwamba huko Marekani jokofu la namna hiyo, lililotumia gesi, halikushindwa kwa ubovu. Lilishindwa kwa sababu kampuni za umeme zilikuwa na mitaji mikubwa zaidi, pamoja na hamu ya kuuza umeme.

Hata hivyo sitaki kuwakemea wapenda urembo, maana sisi wa pwani tuna historia yetu. Waungwana wa Lamu walijenga zidaka kwenye kuta za vyumba vya ndani na kupanga humo vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Pale Kunduchi, kando ya Dar es Salaam, makaburi ya nguzo yalipambwa kwa bakuli za Kichina. Chombo cha chakula kikawa tangazo la heshima, hata juu ya kaburi. Anayecheka jokofu lililowekwa sebuleni, lenye kitambaa na maua ya plastiki juu yake, anacheka desturi ya kale kuliko anavyodhani.

Tofauti ni kwamba bakuli haikuhitaji uniti za LUKU. Ilidumu mpaka imwangukie mtu. Jokofu ni mashine. Urembo uko mlangoni, uhai uko kwenye kompresa. Kabla ya kuulizia rangi, ningeulizia raba ya mlango wake inapatikana duka gani hapa mjini, fundi gani amewahi kulifungua, na linavumilia vipi umeme unaopanda na kushuka. Yapo majokofu na friza zisizo na sura yoyote ambazo, kwa barafu za ukwaju na maji baridi yanayouzwa mlangoni, zimelipa ada za shule. Hesabu hiyo haimo kwenye kijitabu cha muuzaji.

Mwenzangu mmoja na mkewe wamo katika uamuzi huu sasa hivi. Nusu ya fedha ni mgawo wa kikoba cha mke. Anayelitaka jokofu la krimu ni mume. Nilimuuliza mke angeanza na nini. Hakutaja jokofu. Alitaja bomba la maji taka linalorudisha maji kwenye sinki, na meza ya kukatia mboga iliyo fupi mno kwa mgongo wake. Hiyo ndiyo orodha ningeifuata. Jokofu lolote linaweza kubadilishwa mwakani kwa kuita kirikuu, lakini bomba likishafukiwa chini ya vigae vipya, kulirekebisha ni kuvunja sakafu. Fedha zikibaki, walinunue hilo la krimu, na kama watanisikiliza, waliweke sebuleni.