Ufunguo Mmoja, Mikono Mingi

Kwenye mashine za zamani za Unix, mwenye nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote, alikuwa na nyumba nzima: angeweza kusoma barua za wenzake, kufuta diski, hata kuzima mashine. Wasimamizi walipoongezeka, nywila hiyo ilizunguka kama ufunguo wa choo cha baa. Kitu kikiharibika, nani aulizwe? Kompyuta ilimjua root tu, na hakuna aliyekiri, bila shaka.

Mnamo 1980 hivi, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Buffalo, waliandika kwenye kompyuta ya VAX-11/750 programu ndogo iitwayo sudo, ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root. Leo mtumiaji wake huweka nywila yake mwenyewe, si ya root. Faili ya sudoers hueleza nani anaruhusiwa amri ipi, na kila ombi huandikwa, hata lililokataliwa. Kumbukumbu hiyo, pengine, ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Ubuntu, mfumo wa Linux, ilipotoka 2004, ilikuja na akaunti ya root ikiwa imefungwa; msimamizi alitumia sudo.

Windows ilichelewa. Wengi waliotumia toleo lake la XP walishinda ndani ya akaunti ya msimamizi, na virusi vikarithi mamlaka hayo. Toleo lililofuata, Vista, likaleta dirisha la kuomba ruhusa, likauliza mno hadi watu wakalizima; Windows 7, mwaka 2009, ikapunguza maswali.