Maua ya Kwanza Yaliwekwa na Nani?

Kitabu cha kwanza nilichofungua kilinipeleka Columbus, Mississippi. Huko, 25 Aprili 1866, mwaka mmoja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanawake walipamba kwa maua makaburi ya askari wa Kusini, kisha na ya maadui wao wa Kaskazini. Kisa kitamu. Lakini Columbus ya Georgia nayo inadai ndiyo ya kwanza kuanzisha desturi hiyo ya kukumbuka askari waliokufa, na mwaka 1966 serikali iliipa heshima hiyo Waterloo, New York. Wote wanataja 1866. Je, hakuna aliyewatangulia?

Nikarudi nyuma hadi Charleston, Carolina Kusini, 1 Mei 1865. Magazeti ya siku hizo yanataja watu wapatao 10,000, wengi wao Weusi waliotoka utumwani, wakielekea uwanja wa mbio za farasi. Uwanja huo ulikuwa umegeuzwa jela ya mateka. Zaidi ya askari 250 wa Kaskazini walifia humo, wakafukiwa ovyo. Watoto walitangulia, wanawake wakafuata na vikapu vya maua. Habari kubwa hivyo ilipoteaje?

Nikatafuta makaburi. Leo pale ni bustani ya jiji. Barabara inayoizunguka bado inafuata mkunjo wa njia ya farasi. Kaburi hata moja halipo, maana mabaki yalihamishwa zamani. Njia yangu ikaishia hapo. Ilikatika yenyewe, au ilikatwa?

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwaka 1916 fununu ya kisa hiki ilifika New Orleans, na barua ikatumwa kwa wanawake wa Charleston waliotunza makaburi ya askari wa Kusini: ni kweli? Jibu likawa kwamba taarifa rasmi haikupatikana. Miaka 51 tu ilikuwa imepita. Watoto wa siku ile wangekuwa na umri wa miaka sitini hivi. Kuna aliyewauliza?

Sisemi walidanganya. Wanawake wa Kusini walibeba kazi nzito: huko Richmond walichangisha fedha hadi piramidi ya mawe ya futi 90 ikasimama, 1869. Mwanamume aliyeshindwa vita angeinua mnara kama huo angeshukiwa uasi. Mwanamke aliachwa aomboleze. Maombolezo yao yakapata mawe na madaftari. Wenye vikapu wa Charleston hawakupata. Basi ile taarifa iliyokosekana ilikuwa rasmi kwa nani?