Utafutaji kwa maneno muhimu

Utafutaji kwa maneno muhimu ni njia ya kupata vitabu, makala na tasnifu katika hifadhidata ya maktaba kwa kuandika maneno machache yanayobeba mada. Kwa kawaida hifadhidata hulinganisha maneno hayo na yale yaliyomo katika kichwa, muhtasari au orodha ya mada ya kila andiko. Andiko linalotumia maneno tofauti linaweza kukosekana, hata kama linahusu jambo lilelile.

== Viunganishi ==
Viunganishi vikuu ni vitatu, navyo hutokana na mantiki ya Mwingereza George Boole (1815–1864):
* AND hudai maneno yote mawili yawepo, hivyo hupunguza matokeo.
* OR hukubali neno lolote kati ya yaliyotajwa, hivyo huongeza matokeo.
* NOT huondoa maandishi yenye neno fulani.

Alama za kunukuu huweka maneno pamoja, kwa mfano "Ras Kisimani". Maneno ya OR yakichanganywa na AND hufungwa katika mabano.

== Mfano wa Ras Kisimani ==
Ras Kisimani iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, na ina magofu ya mji wa kale ambayo sehemu yake imeliwa na bahari. Anayetafuta "Mafia" peke yake hupata maandishi mengi kuhusu magenge ya wahalifu wa Italia. Kuandika NOT Italia si dawa nzuri, kwa kuwa huondoa pia utafiti wa kisiwa hicho unaoitaja Italia kwa sababu nyingine. Ni afadhali kuongeza AND pamoja na jina la mahali.

Hata hivyo, majina ya nchi hubadilika. Ripoti ya Neville Chittick kuhusu uchimbaji wa akiolojia huko Kisimani ilitolewa mwaka 1961, kabla jina Tanzania halijaanza kutumika mwaka 1964. Oscar Baumann aliandika kuhusu kisiwa hicho kwa Kijerumani mwaka 1896. Kwa hiyo AND Tanzania inaweza kuyaacha maandishi hayo. Inafaa kuandika Tanzania OR Tanganyika, na kutafuta pia "Kisimani Mafia".

== Maneno ya Kiswahili ==
Alama ya nyota (*) mwishoni mwa shina hukusanya maneno yenye mwanzo mmoja: akiolo* hupata akiolojia. Lakini maneno mengi ya Kiswahili hubadilika mwanzoni, na hifadhidata nyingi hazikubali nyota mahali hapo. Hivyo huandikwa mvuvi OR wavuvi OR uvuvi. Kwa viumbe, jina la kisayansi husaidia: Rhincodon typus hupata maandishi kuhusu papa potwe katika lugha mbalimbali.

== Matokeo yakiwa machache ==
Kutopata kitu si ushahidi kwamba hakijaandikwa. Kabla ya kusema hivyo katika tasnifu, mtafiti huondoa neno moja, hujaribu tahajia na lugha nyingine, kisha husoma marejeo ya andiko alilopata. Huandika pia kila utafutaji na tarehe yake, ili msimamizi aweze kuurudia.