Printa ya risiti na printa ya jikoni: namna ya kuzifunga mgahawani

Siku ya mnada, mgahawa wa kando ya barabara hujaa kabla ya saa saba mchana. Mhudumu anapaza sauti dirishani: "Wali samaki mbili, ugali nyama moja!" Mpishi anaitikia na kupakua. Aliye kaunta hajasikia kitu. Jioni hesabu ikifungwa, sahani zilizotoka jikoni ni nyingi kuliko fedha zilizomo kwenye droo, na mara nyingi anayekatwa mshahara ni mhudumu, awe amekula fedha hizo au hakuzila.

Ndiyo maana wenye migahawa wengi sasa wanaweka programu ya mauzo kwenye simu au kishikwambi. Mhudumu anabonyeza alichoagiza mteja, karatasi inatoka jikoni, na mteja akimaliza kula risiti inatoka kaunta. Oda ile ile inabaki kwenye kumbukumbu. Lakini programu peke yake haizibi pengo. Kinacholiziba ni kanuni moja ambayo mpishi lazima aishike: bila karatasi, hapakui. Kwa hiyo, kama fedha inatosha printa moja tu nzuri, sisi tungeanza na ya jikoni.

Printa zenyewe

Printa ndogo za risiti karibu zote hazitumii wino. Zinatumia joto: karatasi imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata moto. Ukitaka kujua upande wa dawa, kwaruza karatasi kwa ukucha. Upande unaoacha mstari mweusi ndio unaotakiwa kuelekea kwenye kichwa cha printa. Watu wengi wamerudisha printa dukani wakisema ni mbovu, kumbe roli imewekwa kinyume na karatasi inatoka nyeupe tupu.

Karatasi hizo huja kwa upana wa aina mbili, milimita 58 na milimita 80. Ile ya 58 kwa kawaida hubeba herufi 32 kwa mstari, na ya 80 hubeba 48. "Ugali kuku wa kienyeji nusu" ni herufi 27 pamoja na nafasi, hivyo kwenye karatasi nyembamba bei haitapata mahali na itashuka mstari wa chini. Fupisha majina ya vyakula unapoyaingiza. Jikoni, ambako maandishi yanapaswa kuwa makubwa mara mbili ili mpishi ayasome akiwa amesimama, mstari wa 58 unabaki na herufi 16 tu. Kwa jikoni ni bora 80.

Kuna jambo jingine la jikoni. Karatasi ya joto ikikaa karibu na jiko inageuka nyeusi yote, oda haisomeki. Printa iwekwe kwenye dirisha la kutolea chakula, mbali na moto, mvuke na mafuta ya kukaangia. Kama jiko lako ni dogo na joto halikwepeki, kuna printa za utepe wa wino, zinazopiga herufi kwa sindano na kutumia karatasi ya kawaida. Zina kelele na ni za polepole, lakini joto halifuti maandishi, na kelele yenyewe humwambia mpishi kwamba oda imeingia.

Kuziunganisha na simu

Njia rahisi ni Bluetooth. Washa printa, fungua mipangilio ya simu, tafuta jina la printa na uoanishe. Ikidai namba ya siri, jaribu 0000 au 1234. Nyingi hutoka kiwandani na mojawapo ya hizo. Kisha ingia kwenye programu ya mauzo, chagua printa hiyo na upana wa karatasi, halafu chapa risiti ya majaribio. Njia hii inamfaa mwenye simu moja na printa moja pale kaunta. Kwa jikoni haifai sana, kwa sababu mawimbi yake huchoka baada ya mita kumi hivi, na ukuta wa tofali huyapunguza zaidi. Tena printa nyingi za aina hii husikiliza simu moja kwa wakati mmoja, na wahudumu wanne wakiagiza pamoja watakwama.

Wahudumu wakiwa wengi, tumia rauta ya waifai na printa yenye tundu la waya wa mtandao. Waya unaweza kufika hadi mita 100, hivyo jiko la nyuma ya nyumba halina shida. Mtu asikutishe kwamba utahitaji bando kubwa: simu na printa zinazungumza kupitia rauta, si kupitia intaneti. Swali la kumuuliza anayekuuzia programu ni kama hiyo programu inafanya kazi intaneti ikikatika, maana nyingine haziwezi.

Kila printa ya mtandao ina anwani yake ya namba. Izime, shikilia kitufe cha kusogeza karatasi, kisha iwashe huku umekishikilia. Printa nyingi zitatoa karatasi ya taarifa zikiwa na anwani hiyo. Tuseme imeandikwa 192.168.123.100, na simu yako iliyo kwenye rauta hiyo hiyo ina anwani 192.168.1.15. Kwa rauta za kawaida, mafungu matatu ya mwanzo yasipofanana, hazitaonana kamwe hata ubadilishe waya mara kumi. Fundi aibadilishe ya printa iwe, kwa mfano, 192.168.1.100, na aifunge isibadilike. Ikiachwa ijipangie yenyewe, siku umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa namba nyingine, na programu itaendelea kupeleka oda kwenye namba ya zamani.

Kosa linalosumbua sana vijijini ni hili. Rauta haina intaneti. Simu ya mhudumu ikiligundua hilo, inaiacha waifai kimyakimya na kurudi kwenye data ya laini. Oda hazifiki jikoni na hakuna anayejua sababu. Zima data ya laini kwenye simu za kazi, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti, ikubalie.

Baada ya hapo panga kila chakula kinakwenda wapi. Mishkaki iende printa ya jiko la nje, wali na ugali jiko la ndani, soda kaunta. Karatasi ya jikoni haihitaji bei. Inahitaji namba ya meza, jina la mhudumu, saa, na maelezo kama "bila pilipili". Hakikisha mambo mawili: mteja akiongeza chakula, ichapwe nyongeza tu, na oda ikifutwa, jikoni itoke karatasi ya kufuta. Bila ya pili, mpishi atapika chakula kisicho na mteja, na tunarudi kwenye kukatana mishahara.

Kabla ya siku ya mnada, jaribu ukiwa peke yako. Herufi za ajabu zikitoka, tafuta kwenye programu lugha ya printa inayoitwa ESC/POS. Maandishi yakikatika upande wa kulia, upana uliochaguliwa si wa karatasi yako. Weka roli za akiba mahali pa baridi na pakavu, na kama umeme wenu hukatika, betri ya kushikilia umeme iwe ya rauta pia, si ya printa pekee. Kitabu cha oda na kalamu visitupwe. Siku mtambo ukigoma, mhudumu aandike nakala mbili, moja ya mpishi na moja ya kaunta.

Risiti ya printa hii si risiti ya kodi. Mfanyabiashara anayetakiwa na TRA kutumia EFD bado anatoa risiti ya EFD, na kwa wasikilizaji wetu wa Kenya mfumo wa KRA ni eTIMS. Baadhi ya programu za mauzo zimeunganishwa na mifumo hiyo. Muulize muuzaji akuonyeshe risiti iliyokwisha kutoka, uikague kabla ya kulipa.